Simu za Ba Jere kwa Mtani Wake

Wasikilizaji wapendwa, saa yetu ya kuwakumbuka waliotutangulia imewadia. Aliye karibu na redio aongeze sauti, na wale wanaocheza bao hapo nje watupe nafasi kidogo, mbegu hazitakimbia.

Leo hatuendi mbali. Tuko hapa hapa Luanshya, kitongoji cha Mpatamatu, nyumbani kwa marehemu Tisauke Jere. Wengi tulimwita Ba Jere, kwa ile "Ba" yetu ya heshima, ya wanaume na wanawake. Wapo waliokula naye, wakaimba naye kanisani, wakagombana naye kwenye foleni ya maji. Na wapo ambao hawakuwahi kumwona uso. Hao walimjua kwa sauti tu, kwenye simu.

Ba Jere ndiye mama aliyekuwa anawapigia simu wavuta sigara. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Ba Jere, Tisauke Jere wa Mpatamatu, aliyekuwa akiwapigia simu watu wanaotaka kuacha sigara. Amefariki wiki ya kuelekea Pasaka, na tumemzika Jumamosi.

Alizaliwa upande wa Chipata, Mngoni mwenye kujivunia Ungoni wake. Akaolewa na kijana mmoja mtoboa mwamba, Zenasi Jere, akaja naye huku migodini kwa basi. Mizigo yao ilikuwa godoro, sufuria mbili na kuku jike ambaye alitaga njiani. Yai lile, alikuwa akisimulia mwenyewe, dereva ndiye aliyelila.

Zenasi alikuwa mume mwema. Hakupiga, hakutukana, mshahara alikabidhi. Alikuwa na kitu kimoja tu, sigara. Akitoka shimoni anaketi kwenye ngazi ya mlango, anavua buti, anaita, "Tisauke, niwashie." Naye Tisauke anaacha mwiko wa ugali, anaweka sigara ya mumewe midomoni mwake mwenyewe, anainama kwenye jiko la makaa, anavuta mara moja ishike moto, halafu anampelekea. Hakuwa mvutaji. Hiyo ilikuwa heshima ya mke kwa mume aliyechoka, na hapa kwetu nani angeona kosa?

Binti yake, Tiyese, aliniambia hivi: "Mama hakuwahi kusema baba ameuawa na mgodi. Watu wote wa kundi la baba walisema ni vumbi. Mama alikuwa anasema, 'Vumbi lilikuwepo, sikatai. Lakini ile nyingine nilikuwa namwashia mimi.'"

Zenasi alikufa kifua kikiwa kimembana hata kijiko cha uji hawezi kukishika. Baada yake wakafuata wenzake wa kundi lile la watoboa mwamba, mmoja baada ya mwingine, wote wavutaji, wote kwa kukohoa. Ba Jere alipika kwenye misiba yao yote. Mwishowe akabaki mmoja tu. Jina lake Ba Kapambwe.

Ba Kapambwe mnamfahamu. Ni yule fundi wa majiko ya makaa pale sokoni, anayekata mapipa ya zamani na kuyagonga tangu asubuhi mpaka masikio yetu yanaziba. Mgodi ulipopunguza watu alitoka na nyundo na kikohozi. Kazi yake ni moto mchana kutwa, kwa hiyo hata kiberiti hakuhitaji. Akimaliza kujaribu jiko anainama, anawasha. Zikikosekana za dukani, anasokota tumbaku kwenye gazeti.

Basi, wasikilizaji wapendwa, ukaja mradi mmoja wa afya. Ulikuja kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, maana wenye nazo wana madaktari wao. Mwanzoni mradi ulikuwa unatuma ujumbe kwenye simu. "Mpendwa mshiriki, je, umevuta sigara leo?" Ujumbe mzuri, hauna ubaya wowote. Ila simu za kwetu ni za nyumba nzima. Babu anaulizwa, mjukuu anajibu. Kuna mzee mmoja wa Mikomfwa aliandikwa kuwa ameacha kabisa sigara, kumbe aliyeacha ni mtoto wa darasa la tatu.

Ndipo mradi ukatafuta akina mama wa kupiga simu, wazungumze na mtu mwenyewe, kwa sauti. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kiu ya sigara ikikushika, usiwashe. Bipu kwanza. Huna salio, haidhuru, bipu tu halafu kata. Mama atakupigia yeye, vocha ni ya mradi, na atazungumza nawe mpaka kiu ipite. Kwa sababu hupita. Ba Jere alisema kiu ya sigara ni kama mgeni asiyepewa kiti. Atasimama mlangoni kidogo, atajikuna, ataondoka.

Walipewa karatasi ya maneno ya kusema. Siku ya kwanza kabisa, bipu ya kwanza kabisa ikatoka sokoni. Ba Jere akapiga, akasoma kwa adabu zote: "Habari ya leo, mpendwa mshiriki. Tunafurahi kwamba umechukua hatua..."

"Mpendwa wa nani?" sauti ikafoka. "Mke wangu yuko hapa anasikia! Wewe ni nani?"

"Naitwa Jere, kutoka kwenye mradi wa..."

"Jere? Jere gani? Mama Tiyese? Mjane wa Zenasi?" Alikuwa Ba Kapambwe, akaangua kicheko chenye kikohozi ndani yake. "Loo! Mngoni! Mla panya! Leo ndiyo unanisomea risala kama mheshimiwa?"

Ba Jere akaiweka karatasi chini. Mnajua hawa watu, Mbemba na Mngoni, babu zao walipigana vita, na malipo ya vita ile ni utani usioisha mpaka leo. Mtani hakasiriki. Mtani haombi radhi.

"Na wewe Mbemba, mla nyani," akajibu, "huyo nyani uliyemla jana ndiye aliyekufundisha kushika sigara?"

"Nyani wetu wana adabu. Panya wenu hata salamu hawajui."

"Panya hakohoi. Sikiliza unavyokohoa, kama trekta la kukodi. Iko wapi hiyo sigara?"

"Iko sikioni."

"Itoe sikioni, uiweke ndani ya bati. Kwanza sikio lenyewe la Mbemba ni dogo, limeipata wapi nafasi?"

Walitukanana hivyo mpaka chai ya wenzake wa chumba cha simu ikapoa. Alipokata simu, msimamizi wake alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni, akicheka machozi. Akamwambia, "Ba Jere, na wengine wafanyie hivyo hivyo." Na ikawa hivyo. Wabemba aliwatania. Wa makabila mengine alizungumza nao kwa upole, kila mmoja na lugha yake. Wako waliomwita mama, wako waliomwita dada. Wengi wameacha sigara, wananisikia sasa hivi, nao wanajua ninasema kweli.

Lakini moyo wake ulikuwa kwa mmoja. Tiyese anasema, "Wengine walikuwa kazi. Ba Kapambwe alikuwa deni." Mama alitaka mtu mmoja tu wa lile kundi la mumewe asifuate wenzake. Mmoja tu. Kila akimuombea Zenasi kanisani, aliongeza na jina la Kapambwe, halafu akitoka nje anamtukana.

Naye Ba Kapambwe alijitahidi. Alikuwa anaacha siku mbili, siku ya tatu anawasha. Anaacha wiki, ukitokea msiba anarudi. Hapo kwenye misiba ndipo wanaume wetu wengi wanaposhindwa, tusifichane. Wanawake wako ndani wanalia, wanaume wako nje wamezunguka moto, hakuna la kufanya, na pakiti inazunguka mkono kwa mkono. Kukataa unaonekana hujafiwa.

Siku moja alikufa jirani yake Ba Kapambwe, na Ba Jere alikuwa na habari. Hakusubiri kubipiwa. Alipiga mwenyewe, mchana, wanaume wamejaa pale motoni. Ba Kapambwe, kwa kujionyesha, akaweka sauti ya nje watu wasikie anavyomkomesha Mngoni.

"Mbemba, uko msibani?"

"Niko."

"Mkononi umeshika nini?"

"Nimeshika huzuni."

"Huzuni hiyo inatoa moshi?"

Wafiwa walicheka, hata mtoto wa marehemu. Na kweli alikuwa ameishika, imefika nusu. Ba Kapambwe aliona aibu, lakini mtani huwa haonyeshi. Akapaza sauti mbele ya wote: "Sikia, Mngoni! Jumapili ya Pasaka nitasimama sokoni, watu wakitoka makanisani, bila sigara mkononi wala mfukoni, nikiri kwa mdomo wangu kwamba Mngoni amemshinda Mbemba!"

"Na usiposimama?"

"Utanizika."

"Nitakuzika kwa furaha. Nitakaa juu ya jeneza, na sishuki mpaka watu wako wanilipe."

Wasikilizaji wapendwa, sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye maumivu. Ba Kapambwe aliacha. Aliacha kweli. Narudia: Ba Kapambwe aliacha sigara. Ile nusu aliyoitupa motoni siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Wakati watu wanachoma mahindi mabichi barabarani, wiki nyingi kabla ya Pasaka, yeye alikuwa ameshaacha. Tumbaku yake yote aliimwaga chooni. Aliyejua ni mkewe, Ba Monde, peke yake, naye aliapishwa. "Ukimwambia yule Mngoni," alimwambia, "umeniharibia Pasaka yangu."

Alitaka amshtukize. Alitaka sherehe. Alitaka kushindwa kwake kuwe kukubwa, mbele ya watu, kama mtani anavyostahili kumlipa mtani. Kwa hiyo akaendelea kubipu. Siku ambazo hakuwa na kiu yoyote, alibipu. Ba Monde anasema alikuwa anaacha nyundo, anabipu, anakaa anasubiri kutukanwa, anatabasamu kabla simu haijaita. Na Ba Jere kila akiona bipu ile alijua jambo moja: huyu bado anateseka, huyu bado hajaacha.

Halafu kifua kikamgeukia Ba Jere mwenyewe. Yeye ambaye hakuvuta. Sitaki kuwa daktari hapa redioni, ila nyumba ile ilijaa moshi miaka mingi, na sigara zilizopita midomoni mwake wakati wa kuwashia nani azihesabu. Alilazwa, akarudishwa nyumbani. Mradi ulimwachia simu, maana aliwaomba. Alipiga simu akiwa ameegemea mito. Mwishowe Tiyese akawa anamshikia simu sikioni.

Siku ya Jumatatu ya wiki ile ya kuelekea Pasaka, baada ya chakula cha mchana, alisema, "Nipigie Mbemba." Tiyese akapiga. Mazungumzo yale aliyasikia yote, na amenipa ruhusa niwasimulie.

"Mbemba."

"Mngoni! Mbona sauti kama panya aliyebanwa na mtego?"

"Naumwa."

"Wangoni hawaumwi. Mnajilaza tu msilime."

"Mara hii si utani. Naondoka. Nataka uniambie kitu kimoja. Umeacha?"

Tiyese anasema alisikia nyundo imenyamaza upande wa pili. Ba Kapambwe alikuwa anahesabu siku. Jumapili ilikuwa karibu mno. Sherehe yote ilikuwa kichwani mwake, na hata maneno ya kusema sokoni alikuwa ameyapanga. Na sauti ile dhaifu aliichukulia kuwa ni mbinu ya mtani anayetaka kumchomoa siri.

"Kuacha?" akasema. "Navuta kama bomba la mgodi. Hapa nilipo nimeshika moja."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Na kama unaondoka, ondoka, ila panya wako utuachie."

Ba Jere alicheka kidogo. Kicheko kikageuka kikohozi. Akamrudishia binti yake simu, akageukia ukutani. Baada ya muda akasema, "Zenasi ataniuliza habari za rafiki yake. Nitamwambia nini?"

Jumatano asubuhi Ba Jere akakata roho. Jumapili hakuiona.

Habari zilifika sokoni kabla ya saa sita. Aliyezipeleka ni muuza dagaa mmoja, alipita akilia. Ba Kapambwe akamwambia, "Acha hizo, ananichezea." Akabipu. Akakata, akakaa, akasubiri apigiwe.

Siku ya maziko watani walijitokeza kama ilivyo ada. Wabemba wa Mpatamatu walifanya kazi yao. Mmoja alivaa kitambaa cha kichwa cha marehemu, akaiga mwendo wake. Mwingine alilala mlangoni jeneza lisitoke. Watu walicheka na kulia kwa pamoja, na hivyo ndivyo marehemu mwenyewe angependa. Kaburini wakasema, sasa zamu ya Ba Kapambwe. Yeye ndiye mtani mkuu. Azuie kaburi, atutukanie Mngoni kwa mara ya mwisho.

Akasogea. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Akasimama ukingoni, akatazama chini.

"Shemeji," akasema. Hakusema Mngoni. "Shemeji, nimeacha sigara."

Watu wakaangua kicheko.

"Jamani, niliacha zamani. Nilikudanganya juzi kwenye simu. Nilitaka nikuambie Jumapili."

Wakacheka zaidi. Mmoja akapiga mluzi. Wazee wakasema, huyu Mbemba ni kiboko, anadanganya mpaka kaburini! Kadiri alivyosema, ndivyo walivyocheka. Mtani wa msiba hasemi kweli, kila mtu analijua hilo, na hakuna aliyewahi kumwona mtani akisema kweli. Alipoanza kulia wakapiga makofi, maana alilia vizuri sana.

Mtu mmoja hakucheka. Tiyese alitoka kwenye mstari wa wafiwa, akamshika mkono, akautazama. Vidole ambavyo vilikuwa na rangi ya njano tangu yeye ni mtoto vilikuwa safi mpaka kwenye kucha. Akanusa lile koti. Halafu akawageukia watu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Msicheke. Ni kweli."

Kicheko kikafa. Yule aliyevaa kitambaa cha marehemu akakivua, akakikunja.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Tiyese na wadogo zake, kwa ukoo wa Jere wa Mpatamatu na wale wa Chipata, kwa wenzake wa chumba cha simu, na kwa wote waliombipu wakapigiwa. Poleni sana. Mola ailaze roho ya mama yetu mahali pema. Nawe unayenisikiliza na sigara sikioni, izime leo, usingoje sikukuu. Nawe uliyeshinda jambo na kuna mtu anakuombea ulishinde, mwambie. Mwambie leo, hata kama umempangia karamu.

Kabla sijazima kipaza sauti, nina kazi moja niliyopewa. Juzi Ba Kapambwe alikuja hapa studio, akakaa kwenye kiti hiki cha mbele yangu, kofia mapajani. Nikamwambia azungumze mwenyewe na wasikilizaji. Akakataa. Akaniambia, "Mimi nikisema, watu wanacheka. Sema wewe. Wewe ni wa kabila la Walozi, huna utani na sisi. Wewe ukisema, shemeji atajua si mchezo."

Kwa hiyo nasema mimi, nami sitanii. Ba Jere, mama yetu, Ba Kapambwe ameacha sigara. Mwambie Zenasi.